Daraja la Hatua ya Tano

Mwaka ule katika nchi yetu ya Ustawini watoto laki tatu walifeli somo la Uraia, na Serikali ilihuzunika sana. Swali lililowaangusha lilikuwa jepesi: Taja haki tatu za raia. Wengi waliacha nafasi tupu. Waliojitahidi waliandika kwamba raia ana haki ya kupanga foleni, haki ya kusubiri na haki ya kushukuru. Mtoto mmoja wa huku kwetu kusini aliandika, "Sijawahi kuziona." Msahihishaji akampa nusu alama kwa kusema kweli, na wiki hiyo hiyo msahihishaji akahamishiwa kisiwani, kwa ajili ya afya yake.

Mimi nilikuwa karani wa Ofisi ya Elimu ya wilaya. Siasa sizijui. Kazi yangu ilikuwa kupiga chapa kilichoandikwa na wakubwa, kukigonga mhuri na kukipeleka kinakokwenda. Haya ninayoyasimulia niliyaona kwa macho yangu au niliyapiga chapa kwa vidole vyangu, na popote nitakapoonekana kuilaumu Serikali, msomaji anisamehe. Ni udhaifu wa lugha yangu.

Waziri wetu wa Elimu, Maadili na Ushindi, Mheshimiwa Dokta Fulgensi Makwasa, aliunda tume. Tume ilikaa hotelini miezi minne, ikatoka na jibu kwamba kosa ni la vitabu. Kitabu humfanya mtoto akae peke yake, na mtu anayekaa peke yake muda mrefu hujikuta anafikiri. Basi vitabu vya Uraia vikakusanywa nchi nzima kwa malori, na mahali pake ukaletwa mchezo. Mchezo huo uliitwa Raia Hodari, na ulikuwa ndani ya vishikwambi, vile vibao vya kioo vinavyoendeshwa kwa kugusa kwa kidole.

Siku ya uzinduzi tulisikiliza hotuba ya Waziri redioni, ofisi nzima tumesimama.

"Ndugu wananchi," alisema, "mataifa mengine yamewaweka watoto wao ndani ya demokrasia. Sisi tumeiweka demokrasia mikononi mwa watoto. Na ina betri ya kudumu saa nane."

Tukapiga makofi. Redio haioni, lakini tulipiga.

*

Shule ya Msingi Kilambasi iligawiwa vishikwambi kumi kwa darasa la sita, lililokuwa na watoto sitini na watatu. Nilivipeleka mwenyewe. Shule haikuwa na umeme. Nilipomweleza hivyo mkubwa wangu, Afisa Elimu Bwana Chambuso, aliniambia kwamba fomu haikuuliza habari za umeme.

Mwalimu wa Uraia pale alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, Mwalimu Tekla Ndimbo, mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo darasa lilinyamaza ili kuisikia. Alivipokea vile vishikwambi, akavihesabu, akatia sahihi, kisha akaniuliza, "Bwana Karani, chaji tutapata wapi?"

Kabla sijajibu, mtoto mmoja wa kike dawati la mbele akanyoosha kidole. "Mwalimu, baba ana sola."

Huyo ndiye Sikudhani. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwembamba, mwenye pengo la meno ya mbele na kawaida ya kusimama kabla hajaruhusiwa. Baba yake alikuwa mfyatua tofali, na mwaka uliotangulia alikuwa amenunua kipande cha sola cha kuchajia simu za majirani. Tatizo lilikuwa moja. Nyumba yao ilikuwa Ng'ambo, kitongoji kilicho upande wa pili wa Mto Ngurumbi, na kati ya shule na Ng'ambo hapakuwa na kitu ila magogo mawili ya mvule yaliyolazwa juu ya maji. Karibu nusu ya watoto wa shule walivuka hapo kila siku. Masika yakija maji hufunika magogo, na kwa miaka yote watoto wa Ng'ambo walikuwa na ruhusa ya kukaa nyumbani mpaka mto upungue.

Basi ikakubaliwa. Kila jioni Sikudhani alivipanga vishikwambi kumi ndani ya ndoo yenye kifuniko, akajitwika, akavuka. Asubuhi alivirudisha vimejaa chaji. Wenzake wakamwita Waziri wa Nishati, naye akawa anatembea kama Waziri, taratibu, shingo imenyooka, ingawa hilo nadhani lilikuwa kwa sababu ya ndoo.

*

Mchezo wenyewe ulikuwa mzuri, lazima niseme. Ulikuwa na hatua tano. Kwanza mtoto anatafuta kero ya mahali anapoishi. Pili anakusanya saini. Tatu anaandika barua. Nne anaonana na kiongozi. Tano, kero inaondoka na ngoma zinalia.

Kiongozi wa ndani ya kioo alikuwa bwana mnene mwenye suti ya bluu. Ukigonga mlango wake, anasimama, anavuta kiti na kusema, "Karibu, raia hodari. Ofisi hii ni yako. Samahani kwa kukuchelewesha." Watoto walipomsikia mara ya kwanza walicheka mpaka machozi. Walidhani wamewekewa kichekesho.

"Mwalimu," Sikudhani aliuliza, "huyu ni kiongozi wa nchi gani?"

"Wa Ustawini."

Darasa likamtazama tena yule bwana, safari hii kwa makini, kama watu wanaoonyeshwa picha ya ndugu aliyepotea.

Sikudhani alichagua kero ya mto. Mchezo ulimruhusu kuupa jina, akaandika: Ngurumbi. Wiki saba darasa zima lilihangaika na daraja hilo, watoto sita kwa kila kishikwambi. Walibishana upana wake. Walibishana kama liwe na reli za pembeni, na Sikudhani akashikilia kwamba liwe nazo, maana watoto wa darasa la kwanza hawana akili. Siku lilipokamilika nilikuwepo, nimepeleka chaki. Ngoma zililia ndani ya vile vibao vyote kwa pamoja, na juu ya maji ya bluu likasimama daraja jeupe la zege, refu, lenye reli. Watoto waliruka juu ya madawati.

Baba yake Sikudhani aliitwa kutoka kwenye tanuri lake, ambalo lilikuwa upande huu wa mto, wa shule. Alikuja na udongo mikononi, hakutaka kugusa kioo. Aliinama akatazama.

"Ni la zege?"

"La zege, baba. Na nondo ndani."

"Nguzo zimeingia chini kiasi gani?"

"Mita nne."

Aliitikia kwa kichwa, ameridhika. "Hapo sawa," alisema. "Hapo halibebwi na maji."

*

Kumbe vile vishikwambi, kila vilipopata mtandao, vilituma taarifa makao makuu. Huko zilipokelewa na mashine, na mashine ilikuwa imeagizwa kuhesabu maendeleo. Hakuna aliyeiuliza ni maendeleo ya wapi. Mwisho wa muhula Waziri alisimama bungeni akatangaza kwamba katika siku tisini, kwa nguvu za wananchi wenyewe, Ustawini imejenga madaraja elfu moja mia nne na kumi na mawili, zahanati mia tisa na sita, na imemaliza kabisa rushwa katika kata arobaini. Wabunge waligonga meza kwa robo saa. Mmoja alizimia.

Madaraja yote yakazinduliwa siku moja, ukumbini, kwa Waziri kugusa kioo kikubwa. Utepe ukajikata wenyewe. Ramani mpya ya wilaya yetu ilipofika ofisini niliitundika ukutani. Juu ya Mto Ngurumbi palikuwa na mstari mweusi mdogo. Bwana Chambuso aliuwekea kidole.

"Wewe umefika huko," aliniambia. "Lipo?"

"Hapana, mzee."

Alivua miwani akaifuta. Hakuwa mtu mbaya, Bwana Chambuso. Alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu. "Ukiulizwa tena," alisema, "usijibu haraka hivyo."

*

Watoto wa Kilambasi hawakujua lolote kuhusu ramani. Wao walijua wamefundishwa jambo, na kama watoto wote waliofundishwa vizuri, walitaka kulifanya. Sikudhani alimfuata Mwalimu Tekla akamwuliza kama sasa wangeweza kuanza la kweli.

Mwalimu Tekla aliniambia baadaye kwamba alikaa na swali hilo siku mbili. Alijua nchi anayoishi. Lakini alikuwa mwalimu kwa miaka kumi na saba, na hakuona atamwambiaje mtoto kwamba somo limeishia pale kengele ilipolia. Akawaruhusu. Walipita nyumba kwa nyumba Ng'ambo nzima, wakarudi na saini mia mbili na kumi, nyingi za dole gumba. Barua aliandika Sikudhani, nami ndiye niliyeifungua:

"Mheshimiwa Afisa, shikamoo. Sisi ni watoto wa darasa la sita Kilambasi. Tumeshalijenga daraja kwenye kishikwambi na tumeona linawezekana. Sasa tunaomba la kukanyaga. Tuko tayari kuonana na wewe, hata kama hutavuta kiti."

Niliipeleka kwa Bwana Chambuso. Aliisoma amesimama, halafu akakaa, akaisoma tena. Aliipeleka mkoani kwa kuogopa kuinyamazia, na mkoa ukaipeleka makao makuu kwa sababu hiyo hiyo.

Jibu lilikuja upesi kuliko jibu lolote nililowahi kuliona. Lilisema kumbukumbu zinaonyesha Mto Ngurumbi una daraja, hivyo wananchi wa Ng'ambo wanaomba daraja la pili wakati kuna Watanashati wenzao, ndivyo walivyotuita raia mwaka ule, ambao hawana hata moja. Huo ni uchoyo. Lilisema pia Mwalimu Tekla Ndimbo ahojiwe kwa kosa la kufundisha somo nje ya kifaa.

Alihojiwa ofisini kwetu. Mimi niliandika maelezo.

"Mwalimu," Bwana Chambuso alimwambia, "mchezo ni mchezo. Mtoto akicheza kupika kwa mchanga, utamkalisha mezani ale?"

"Mzee, mimi niliambiwa niwafundishe kudai haki zao kwa utaratibu. Wamefuata utaratibu."

"Ndani ya kifaa."

"Mto hauko ndani ya kifaa."

Bwana Chambuso alinigeukia. "Hilo usiliandike," alisema. Sikuliandika.

Mwalimu alipewa onyo. Kisha ukatumwa waraka kwa shule zote za tarafa yetu, na waraka huo niliupiga chapa mimi. Ulisema hivi: kwa kuwa Mto Ngurumbi sasa una daraja, ruhusa ya wanafunzi kubaki nyumbani wakati wa masika imefutwa. Mwanafunzi atakayekosa shule kwa kisingizio cha mto atahesabiwa mtoro. Mwanafunzi atakayepoteza kishikwambi, mzazi wake atafungwa. Neno "kisingizio" liliandikwa kwa herufi nzito, kama nilivyoelekezwa. Niligonga mhuri nakala thelathini na moja, nikaenda kula.

*

Masika yalianza siku ya Jumanne.

Asubuhi ya Alhamisi Mwalimu Tekla aliteremka mtoni kuwapokea watoto, maana alijua wangekuja. Maji yalikuwa yamefunika magogo kwa kiasi cha kifundo cha mguu. Walivuka mmoja mmoja, wakubwa wakiwashika wadogo, na Sikudhani alibaki nyuma mpaka wote wakapita. Halafu akaingia yeye, ndoo kichwani, akihisi gogo kwa unyayo.

Alifika katikati. Mwalimu Tekla aliona gogo la upande wa juu likizunguka kidogo, kama mtu anayejigeuza kitandani. Sikudhani akayumba, akapiga magoti, ndoo ikashuka mikononi. Mkono mmoja ulikuwa kwenye gogo, mwingine kwenye mpini wa ndoo, na maji yalikuwa yanaivuta ndoo.

"Iache," Mwalimu alimwambia. Tayari alikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni. "Sikudhani, iache ndoo. Nishike mimi."

Mtoto alimtazama. Mwalimu Tekla anasema mtoto alimsikia vizuri, na anasema hakulia.

"Mwalimu, watamfunga baba," alisema.

Akaachia gogo.

*

Baba yake alikuwa kwenye tanuri lake upande wa shule. Aliukimbilia ukingo na kuufuata mto siku nzima, na kesho yake, na kesho kutwa. Alimkuta mwanawe mbali kule chini, karibu na barabara kuu, ndoo ikiwa imenasa kwenye matete pembeni. Polisi waliuchukua mwili wakaupeleka hospitali ya wilaya.

Taarifa ilipofika ofisini, Bwana Chambuso aliweka simu chini. Simu ikalia tena. Ilikuwa makao makuu. Nilimsikia akijibu, "Ndiyo, Mheshimiwa. Ndiyo. Tisa, Mheshimiwa. Kimoja hakijaonekana." Alikuwa anaulizwa vishikwambi.

Hospitalini tulikuwa wanne: baba, Mwalimu Tekla, Bwana Chambuso na mimi na karatasi zangu. Mhudumu wa chumba cha maiti alikuwa kijana mpole. Alieleza kwamba ili mwili utoke, chanzo cha kifo lazima kijazwe kwenye kompyuta, na kila alipojaza "kuzama wakati wa kuvuka mto" kompyuta ilikataa. Iliandika kwamba hapo pana daraja.

"Inakubali nini?" Bwana Chambuso aliuliza.

"Inakubali utoro," kijana alisema. "Kuogelea bila idhini, wakati wa masomo. Lakini mwalimu wa darasa athibitishe kwa sahihi."

Nikaandaa karatasi. Nilipiga chapa kwamba mwanafunzi Sikudhani Selemani alitoroka shule akaenda kuogelea katika Mto Ngurumbi, mita chache kutoka darajani. Nikaisogeza mbele ya Mwalimu Tekla pamoja na kalamu.

Aliisoma mpaka mwisho. "Hapana," alisema.

"Mwalimu," Bwana Chambuso alianza.

"Mtoto huyu hakuwahi kukosa shule. Daftari la mahudhurio ninalo. Alikuwa anakuja shule, mzee. Alikuwa anawaletea vyombo vyenu. Sitamwita mtoro."

Kule ndani mashine ya baridi ilikuwa inanguruma na kukatika, inanguruma na kukatika, na yule kijana akasema kwa sauti ndogo kwamba umeme hauaminiki siku hizi na ni siku ya nne sasa tangu mtoto azame.

Baba yake Sikudhani alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono juu ya magoti. Udongo wa tofali ulikuwa bado kwenye kucha zake.

"Tia sahihi, Mwalimu," alisema.

"Baba Sikudhani, wanataka niseme uongo juu ya mwanao."

"Najua." Alinyanyua macho. "Mimi namjua alivyokuwa, na wewe unamjua. Hawa waache na karatasi yao. Mimi nataka kumzika mwanangu."

Mwalimu Tekla alichukua kalamu. Sahihi aliyotia haikufanana na zile alizotia siku nilipoleta vishikwambi, lakini kompyuta haikuwa na neno na hilo. Nami nikagonga mhuri.

*

Gari la hospitali lilitufikisha Kilambasi saa nane mchana, mvua ikiwa imepungua. Wanaume wa upande wa shule waliubeba mwili mpaka mtoni. Magogo hayakuwepo tena. Yalikuwa yamekwenda usiku wa pili. Mto ulikuwa mwekundu na mpana, umejaa majani na miti mizima, na hapakuwa na mtu wa kuthubutu kuingia.

Upande wa pili, watu wote wa Ng'ambo walikuwa wamesimama ukingoni, na mbele yao mwanamke mmoja aliyejifunga khanga mbili. Alikuwa mama yake. Tangu Alhamisi alikuwa hajapata njia ya kuvuka.

Tulisubiri mpaka alasiri. Maji hayakushuka. Mwishowe shehe alisema mtoto hawezi kungojeshwa zaidi, basi kaburi likachimbwa upande huu, nyuma ya shule, mahali palipoinuka. Kabla ya kumpeleka huko, baba yake aliomba dakika moja. Yeye na Mwalimu Tekla waliliteremsha jeneza mpaka pale maji yanapogusa majani, wakaliinamisha kidogo, na baba akafunua sanda usoni, akamwelekeza mwanawe Ng'ambo.

Ilikuwa mbali. Kwa umbali ule mtu haoni uso. Anaona kitu cheupe tu.

Yule mwanamke alisogea mbele mpaka akaingia majini, na wenzake wakamshika mabega. Alikuwa anasema jambo, kwa nguvu zake zote, lakini mto ulikuwa unachukua nusu ya kila neno.

"Anasemaje?" Mwalimu Tekla aliuliza.

Baba yake Sikudhani alikuwa ametega sikio, macho ameyafumba.

"Anauliza kama ni yeye kweli," alisema.

Akaweka mikono miwili mdomoni.

"Ndiye," akamwitia. "Mama Sikudhani, ndiye."